Jamani, suala la mshahara wangu Kampala

Haya, habari zenu. Leo sikupanga kurekodi, ndiyo maana mnaniona na fulana ya mazoezi na ndoo ya mipira ya kikapu nyuma yangu. Ni lile swali tu. Kila video nikifungua komenti nalikuta: "Kaka, unalipwa shingapi huko? Tupe mchongo." Nikinyamaza, naringa. Siku niliyogusia kodi ya chumba kidogo tu, mmoja akaandika, "Si urudi Mwanza, nani kakushika?" Kwa hiyo leo naongea. Mtakaosema najidai na mtakaosema nalialia, nimeshawasikia wote.

Kwanza hizo milioni. Mkisikia mchezaji kasaini Uganda kwa milioni moja, mnapiga hesabu za kwetu. Shilingi ya huku ni nyepesi. Hiyo milioni ukivuka nayo mpaka wa Mutukula kurudi kwetu unabaki na kama laki saba, inategemea umeamkia siku gani. Na mimi nikiwa mchezaji hata hiyo milioni ya mwezi sikuwahi kuishika. Timu tano nimechezea: mbili Dar, moja Kigali, mbili hapa Kampala. Msimu wangu mnono kuliko yote nililipwa kwa mechi, elfu hamsini ya huku tukishinda, elfu ishirini tukifungwa. Na tulikuwa tunacheza na nani? City Oilers hao, waliobeba ubingwa wa Uganda msimu baada ya msimu kuanzia 2013, wakafika mpaka BAL, ligi ya kikapu ya Afrika. Wiki ukiwa nao kwenye ratiba unajua kabisa ni elfu ishirini. Bajeti unaipanga kabla refa hajarusha mpira.

Ligi ikifungwa, posho nayo inafungwa. Hiyo miezi nimekula kikomando, zile chapati za kukatakata zinazomwagiwa maharage, mpaka jamaa wa Wandegeya akiniona kwa mbali anashika kisu. Sisemi nilionewa. Nasema mlikuwa mnaniona kwenye picha na raba mpya, na raba zenyewe nilipewa na mtu aliyeacha mpira.

Sasa hili huwa silisemi. Mwaka wangu wa kwanza hapa, 2014, sikucheza hata dakika moja. Ukihama nchi kwenye kikapu, shirikisho la kule unakotoka lazima litoe barua ya kukuachia, sisi tunaiita klirensi. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ziko wazi: kama mkataba wako umeisha, hakuna wa kukuzuia. Wangu mimi nilijua umeisha. Kumbe ile karatasi niliyosainishwa juu ya boneti ya gari baada ya mazoezi ilikuwa ya misimu miwili. Sikuisoma, na nakala sikupewa. Klabu siitaji, na msianze kukisia huko chini.

Jezi yangu ilikuwa tayari imeshachapwa jina. Mechi zikapita, barua haiji, nikawa nakaa nyuma ya benchi na jinzi, nagawa maji. Siku moja naingia uwanjani Lugogo, nakuta jezi ile kavaa mtu mwingine. Walipitisha pasi ya moto wakabandua herufi, ila akisimama chini ya taa jina langu unalisoma vizuri kabisa mgongoni mwake, kivuli kivuli. Akafunga pointi kumi na nane. Nilimpigia makofi, ningefanyaje?

Na karatasi hazikuishia hapo. Chuo kilichonichukua baadaye kiliniambia "ufadhili". Ufadhili ulikuwa ada ya masomo tu. Zile ada nyingine zote, za usajili, za mitihani, za maktaba, ni zako. Hapo bado cheti cha kidato cha sita hujakipeleka UNEB, baraza lao la mitihani, kikalinganishwe na cha kwao, nako kuna malipo. Nilijua ninakuja kucheza mpira, nikajikuta bingwa wa foleni.

2021 Uganda wanampiga Nigeria 80 kwa 68 kwenye AfroBasket, kombe la Afrika la kikapu, pale Kigali, mji mzima unapiga kelele, na mimi napiga. Kwenye timu yao yumo Ishmail Wainright, Mmarekani aliyepewa uraia wa Uganda, na mwaka huohuo akaenda zake Phoenix Suns ya NBA. Simsemi vibaya, mtu alicheza. Lakini wiki hiyohiyo mimi niliyezaliwa ng'ambo ya ziwa hili hili nilikuwa nimerudishwa kwenye dirisha la uhamiaji mara ya tatu kwa sababu ya picha ndogo. Eti shati langu limefanana na ukuta. Inauma kidogo, niachieni.

Goti lilishaniacha 2019. Hadithi ya goti mnaijua, kila mchezaji anayo. Nikaanza kufundisha shule ya sekondari, na hapa ndipo mnaposhangaa: ukocha unanilipa vizuri kuliko nilivyolipwa kucheza. Laki saba ya huku kwa mwezi, inakuja, wakati mwingine tarehe 5, wakati mwingine 15, ila inakuja. Jumamosi nina watoto wa mtaa wetu ambao wazazi wao wanalipa kwa zoezi.

Siku ya kwanza nilipiga kelele nilivyozoea pale Mirongo, Mwanza: "Kaba! Rudi nyuma! Simama hapo!" Watoto wakaganda, mmoja akanyoosha mikono juu. Huku kwa wengi Kiswahili ni cha askari. Serikali inasema ni lugha rasmi, sawa, lakini masikio ya watu bado yanangoja bunduki. Tangu siku hiyo jina langu ni Afande.

Hayo ni yangu mimi. Kuna mwenzangu alikuja akapewa chumba, na hela yake ikaingia kila mwezi, kwa hiyo msiseme nimewakataza. Ila wewe mdogo wangu wa Nyegezi unayeniandikia kila siku urefu wako, kabla hujapanda basi, chukua nakala ya kila ulichosaini, hata kama ni nusu karatasi. Na usinitumie tena video ya danki tatu zenye muziki. Nataka mechi nzima, ikiwemo robo mliyozidiwa.

Haya, vijana wameingia. Huyo wa mbele, mnamwona? Ananipigia saluti. Kila siku.