Nyasi za Kwetu kwenye Bustani za Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za jioni.

Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yalipungua mpaka jiji letu likaingia kwenye mgao. Maji yakawa ya kupikia na kuogea. Nani angemwagilia nyasi? Bustani nyingi tunazozisifia ni nyasi fupi zinazofyekwa kila mara na kutakiwa ziwe kijani mwaka mzima. Kwenye mchanga wa Kigamboni au Bunju, ambao haukai na maji, huo ni mzigo. Mvua zetu ni za vuli na masika, na kuanzia Juni hadi Septemba hunyesha kidogo sana.

Mimi nasema tupande nyasi zilizozoea ukame. Ya kwanza ni Themeda triandra, ile iliyotanda Serengeti. Huota kwa vishina, yaani mafungu mafungu, hufika kiunoni, na ikikomaa hugeuka rangi ya kutu. Nyasi iliyokauka hivyo haijafa, na kwangu huo ndio wakati wake wa kupendeza. Hutengeneza chakula chake kwa njia ile ile ya mtama na mahindi, isiyopoteza maji mengi. Halafu chukueni mbegu yake muitazame kwa karibu. Ina mkia mgumu uliojisokota. Ukipata unyevu hujisokotoa, ukikauka hujisokota tena, na kwa kuzunguka huko mbegu huzama ardhini kama keekee. Yaani inajipanda yenyewe! Kila nikiitazama nastaajabu upya.

Mnaokaa karibu na bahari mnayo Sporobolus virginicus, inayotambaa ufukweni, ikivumilia chumvi na kushika mchanga. Ila si kila nyasi ya kwetu inafaa. Imperata cylindrica iacheni huko huko: mizizi yake hupenya chini kwa chini hadi kwa jirani.

Pandeni masika yanapoanza, mwagilieni mpaka mizizi ishike, kisha punguzeni. Themeda ikatwe mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, ibaki kimo cha shubiri. Hili msilipuuze. Mbugani kazi hiyo hufanywa na wanyama na moto. Isipokatwa, majani makuukuu huyafunika machipukizi na kishina hufa kuanzia katikati. Wanaohofia nyoka wapande mbali na mlango na waache nafasi kati ya vishina.

Miche ndiyo shida, kwa sababu vitalu vya barabarani huuza zaidi nyasi za kigeni. Wenye vitalu mliofika leo, nawaomba sana: msiende kung'oa hifadhini, anzeni na mbegu au vishina vya shamba ambalo mwenyewe ameridhia. Kishina kilichokomaa hugawanywa kwa jembe wakati wa mvua kikatoa miche kadhaa. Wateja wenu wamekaa humu ukumbini.