Maji ya Kijani Yana Majina: Kazi Yangu ya Kusoma Mwani

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma, na nyote mnaotazama kutoka Singida, Kondoa na Manyoni. Wengi mmeniuliza huku Uingereza naishi kwa kazi gani hasa. Leo najibu, na mwishoni nina ombi.

Mimi ni mtaalamu wa kujitegemea wa mwani wa maji baridi, yaani vile viumbe vidogo kama mimea vinavyoota kwenye maji yasiyo ya chumvi. Sina mwajiri mmoja. Mtu akitaka kujua hali ya mto au bwawa, ananiletea sampuli, mimi nakaa kwenye hadubini, namwambia humo mna nini na kwa wingi gani. Nalipwa kwa sampuli. Miezi watu wanapokuwa mitoni kazi inafurika. Baridi ikiingia, unakula akiba.

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni daiatomu. Huu ni mwani wa seli moja wenye ganda la silika, madini yale yale yanayotengenezea kioo. Tunaokota mawe mtoni na kuyasugua kwa mswaki; ule utelezi ndio tunaoutafuta. Maabara tunauchemsha na haidrojeni peroksaidi mpaka yabaki maganda matupu. Kisha kwa lenzi inayogusa tone la mafuta juu ya kioo, ukuzaji wa mara 1,000, nayahesabu yasipungue 300. Kila spishi ina michirizi yake. Ziko zinazotaka maji masafi, ziko zinazoshamiri penye mbolea na majitaka. Ukipima kemikali, unajua maji ya asubuhi ile tu. Mwani umekaa juu ya lile jiwe wiki kadhaa, na yote yaliyopita hapo umeyapitia. Hapo ndipo nilipoipendea kazi hii.

Sasa tuje nyumbani. Dodoma mjini tumezoea maji ya visima vya Mzakwe. Yanatoka chini ya ardhi, gizani, na mwani bila mwanga haustawi. Lakini mji umekua, na mipango mikubwa inayozungumzwa ni ya maji ya juu ya ardhi: bwawa la Farkwa kule Chemba, na maji ya Ziwa Victoria. Maji yaliyotuama, jua letu lile, halafu mvua inasomba mbolea na samadi kutoka mashambani. Mwani utakuja tu. Nani atausoma?

Nauliza kwa sababu kijani si kimoja. Wale heroe wadogo tunaowaona Singida, chakula chao kikuu ni Arthrospira, mwani wa maji ya magadi. Na hata binadamu hula jamii hiyo, ndiyo spirulina ya madukani. Lakini kuna Microcystis, nayo hufanya maji yawe kijani vilevile, na aina zake nyingi hutoa sumu ya ini. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazili, maji yenye sumu ya aina hii yalitumika kusafishia damu za wagonjwa wa figo, na zaidi ya 50 walikufa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 tu kwa lita kwa maji ya kunywa kila siku.

Na hapa mama zangu nawaomba mnisikilize vizuri: kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Seli zinapasuka, sumu inabaki kwenye sufuria. Ukiona bwawani utando mzito wa kijani unaelea kama rangi iliyomwagika, usichote pale, na ng'ombe wasinywe pale. Watoto wasiogelee.

Ombi langu ni kwenu wanafunzi wa biolojia, wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na wa sekondari zetu. Bwawa la Hombolo lipo tangu 1957, watu wanavua na kumwagilia zabibu. Chukueni maji yake kila mwezi, sehemu ile ile. Tieni matone ya iodini, ile ile mnayopimia wanga, mpaka maji yawe ya kahawia hafifu, yatahifadhika. Hadubini ya shule inatosha kuanzia. Chora unachokiona kabla hujatafuta jina, maana mkono unalazimisha jicho kutulia.

Nitumieni picha, mkiandika mahali, tarehe na rangi ya maji. Anayetaka kujifunza nitakaa naye mtandaoni, bure, Jumamosi jioni kwa saa za Dodoma. Tutaanza na Microcystis.