Bibi Anaguna Tena

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulipanga kufundisha mambo matano kuhusu usukani wa haidroliki, yaani ule unaolainishwa na oili inayosukumwa na pampu, katika magari ya zamani, na yote nimeyaandika kwenye karatasi iliyo mbele yangu. Lakini kaka Shabani ameingia humu mikono ikiwa bado myeusi kwa oili, kwa hiyo ni afadhali tumsikilize yeye kwanza.

SHABANI: Asante, dada Rehema. Mnaomfahamu Bibi, gari langu lililozeeka kabla mimi sijaota ndevu, jueni kwamba wiki hii alianza kuguna. Kila nilipokata kona, hasa nilipokuwa nikiegesha, alitoa mguno mrefu kama wa mtu anayeinuka mkekani huku ameshika kiuno. Nikafungua boneti, nikakikuta kikombe cha oili ya usukani kimejaa hadi kwenye alama, na chini ya gari hapakuwa na tone hata moja. Nikaamua kwamba pampu imekufa, nikaenda kununua nyingine.

REHEMA: Bila kupima chochote?

SHABANI: Bila kupima. Kuifunga kulinichukua siku nzima, na nilipowasha injini na kuzungusha usukani, Bibi akaguna kwa sauti ileile, kana kwamba pampu ya zamani ilikuwa imemwachia mwenzake wosia.

REHEMA: Hapo nina neno. Leo unasema "anaguna", lakini uliponipigia simu uliniambia "gari linalia". Nikakuuliza linalia vipi, ukanijibu "linalia tu". Kwetu sisi kila kitu hulia: mtoto hulia, kengele hulia, bunduki hulia, hata simu hulia. Fundi akiambiwa "linalia" anakuwa hajaambiwa kitu. Ungelitaja neno "kuguna" siku ile, pampu yako isingetoka mahali pake.

SHABANI: Kwa sababu ya kitenzi kimoja?

REHEMA: Kitenzi, pamoja na wakati unapokisikia. Mkanda uliolegea au uliochakaa hadi ukang'aa hupiga ukelele, nao huzidi usukani unapofika mwisho, kwa kuwa hapo pampu huwa nzito kuzungusha na mkanda huteleza juu ya puli. Ukisikia kitu kinagonga unapopita kwenye mashimo, usihangaike na oili. Tazama viungo vya usukani na vya magurudumu ya mbele: ncha za tairodi, boljointi na kiungo cha mhimili wa usukani. Mguno unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta ni wa oili iliyopungua au iliyoingiwa na hewa, ingawa pampu iliyochakaa nayo huweza kuguna, na ndiyo maana tunapima kabla ya kununua.

SHABANI: Na ile sauti ya "fsss" ninayoisikia usukani ukifika mwisho kabisa?

REHEMA: Huko ni kufyonya, na kufyonya si ugonjwa. Vali ya usalama inafunguka ili shinikizo lisizidi. Kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuuza gari lake la Imperial lenye usukani wa haidroliki mwaka 1951, na sidhani kama madereva wake walikosa kufyonywa. Usiushikilie tu usukani hapo mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, maana oili hupata joto upesi.

SHABANI: Kwa hiyo Bibi akifyonya nimwache, akiguna nimtibu. Na akikoroma?

REHEMA: Tafadhali, kaka.

SHABANI: Nauliza kwa nia njema. Asubuhi huwa anakoroma.

REHEMA: Anakoroma au anakuwa mzito? Usukani ulio mzito asubuhi kisha ukalainika gari likipata joto ni jambo jingine kabisa. Katika reki za zamani, yaani ule mtambo unaogeuza magurudumu usukani ukizungushwa, sili za vali, zile pete za kuzuia oili isipenye, huchimba vijia kwenye ukuta wa aluminiamu, na oili ikiwa baridi hupenya humo badala ya kusukuma pistoni.

SHABANI: Basi anakoroma tu. Turudi kwenye mguno. Kilichonitatiza ni hewa kuingia mahali ambapo oili haitoki.

REHEMA: Pampu ina pande mbili. Upande wa kusukuma, shinikizo linaweza kufika baa 70 na zaidi, kama mara sabini ya lile la hewa ya nje, kwa hiyo tundu lolote huko hurusha oili nje na utaiona. Upande wa kunyonya, shinikizo huweza kushuka chini ya lile la hewa ya nje, hivyo oringi, ile pete ya mpira ya kuziba kiungo, ikikauka itavuta hewa ndani bila kudondosha kitu. Oili hutoa povu, na ukizima injini utaona kiwango kikipanda kwenye kikombe, kwa sababu viputo vilivyokuwa vimebanwa vinatanuka.

SHABANI: Ndivyo nilivyoona! Kisha nikapaka grisi nzito kuzunguka kiungo cha bomba la kunyonya, mguno ukapungua palepale. Nikabadilisha oringi moja, ndogo kuliko pete ya kidoleni. Lakini nilipokuwa uvunguni nikagusa mpira unaofunika ncha ya reki, nikaukuta una unyevu wa oili, nikamimina dawa ya kuzuia uvujaji kwenye kikombe cha oili.

REHEMA: Ulimimina?

SHABANI: Nilimimina. Sili zimekauka na kusinyaa. Dawa huzilainisha zikavimba kidogo. Reki nyingine ni ghali kuliko Bibi mwenyewe.

REHEMA: Dawa hiyo haichagui sili. Italainisha na ile ya pampu uliyoinunua juzi, pamoja na mipira yote iliyokuwa mizima. Na kama mhimili wa reki una kutu au umechubuka, hata sili iliyovimba itakatwa palepale.

SHABANI: Unazungumza kama mtu mwenye gari la kudumu miaka kumi. Mimi nahitaji mwaka mmoja.

REHEMA: Mwaka mmoja wa usukani usiojua utakuharibikia lini.

SHABANI: Usukani ukikosa msaada wa pampu unakuwa mzito, lakini bado unageuza magurudumu.

REHEMA: Kwenye kona, ghafla, mikononi mwa mtu asiyetarajia uzito ule? Sikubali.

SHABANI: Nami sikubali kuzika gari kwa ajili ya unyevu.

REHEMA: Naona zimebaki dakika mbili, na karatasi yangu ina mambo matano ambayo hatujayagusa. Niseme moja tu: baada ya kufungua bomba lolote, inua magurudumu ya mbele kwa jeki na stendi, injini ikiwa imezimwa, uzungushe usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi huku ukiongeza oili, mpaka viputo...

SHABANI: Hilo nililifanya. Mara ishirini na nne.

REHEMA: Chupa ya ile dawa iliisha yote?

SHABANI: Imebaki nusu. Iko kwenye buti.

REHEMA: Ibaki humo humo.

SHABANI: Siwezi kuahidi, dada.