Bega Linaanzia Mgongoni

Mwangaluka. Kaeni, kaeni, na nyie wa mlangoni ingieni. Najua wapo wanaonong'ona, "Huyu na makombe yake tena." Ndiyo, na makombe yangu tena. Siku nikifika hapa mwaloni kwa wavuvi nikamkuta mtu anaumwa bega na mwenzake anamkagua mgongo, siku hiyo nitabadilisha somo.

Tuanze na kazi. Kila mmoja amgeukie jirani yake, akina mama na akina mama, akina baba na akina baba, sitaki kesi. (Kicheko.) Weka kiganja kwenye kombe la bega lake, ule mfupa bapa wa pembetatu huku nyuma. Mwambie ainue mkono kupitia ubavuni mpaka juu. Umelisikia? Linatembea. Ncha ya chini inakimbilia kwapani. Sasa likandamize lisiende, halafu ainue tena. Eeh! Amegota. Huyo haumwi kitu, umemfunga breki tu.

Mkono kutoka pajani mpaka juu kabisa ni kama digrii 180. Mtafiti Inman na wenzake wawili, huko Marekani, walilichapisha hili mwaka 1944: kwa wastani, kiungo cha bega kikitoa digrii 2, kombe linatoa 1. Yaani 120 kwa 60. Theluthi nzima ya kuinua mkono inafanyika mgongoni. Na tukiumwa, mafuta tunapaka wapi? Hapa mbele!

Mjomba wangu alikuwa akivua dagaa Igombe, Mwanza. Usiku wa giza yuko majini, mbalamwezi ikiwaka anapumzika, kama kawaida. Bega la kulia likaanza. Kasia alipiga, wavu alivuta, lakini kutundika shati kwenye msumari hawezi. Usiku akilalia upande ule, anaamka. Akaambiwa ni baridi ya ziwa, akavaa makoti mawili. Akachanjwa chale. Akaja mchuaji, akamkanda mpaka mzee wa watu akatoa machozi mbele ya wajukuu. Akaenda zahanati moja, siitaji, akapewa vidonge mara tano. Mara tano! Na katika mara zote hizo hakuna hata mmoja aliyemwambia avue shati.

Mimi nilikuwa bado mwanafunzi, nimekuja likizo, sina ninachojua. Nikamwambia, "Mjomba, vua shati, geuka." Kombe la kulia lilikuwa limechomoza kama bawa la kuku. Kuna msuli unaotoka mbavuni kwa meno meno kama msumeno, unapita chini ya kombe na kulibana lisiachane na mbavu. Kwake ulikuwa umelegea. Akiinua mkono, kombe halizunguki vizuri, kwa hiyo dari la mfupa lililo juu ya kiungo halipishi. Kati ya dari hilo na kichwa cha mfupa wa mkono kuna nafasi ya kama sentimita moja, na humo inapita kano, ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Mnadhani ilikuwa inapumua?

Nikampa kazi ya kusukuma ukuta kila asubuhi, mikono imenyooka, kombe lisogee mbele. Alinicheka. Wiki ya sita bado alikuwa ananicheka. Mwezi wa tatu akatundika shati.

Sasa najua kuna mtu hapa anasema, lakini baridi ya ziwa ipo. Sikatai, baridi inakaza misuli. Ila kama ni baridi, bega la kushoto lilibaki nyumbani? (Kicheko kirefu.) Mwingine atasema, mzee fulani amevuta nyavu miaka 40 na haumwi. Sawa, na wapo wazee wasiolalamika ambao ukiwapiga picha za hospitali unakuta kano imechanika, wao wanaendelea na maisha. Ndiyo maana msinikimbilie na picha mkononi. Nileteeni mtu, na mgongo wake.

Naambiwa nimebakiza dakika saba. Haya.

Kiungo chenyewe ni chungwa juu ya kifuniko cha chupa. Kifuniko ni kidogo, hakina kina, ndiyo maana mkono unafika kila mahali na ndiyo maana unachomoka. Misuli minne midogo inalishikilia chungwa hilo katikati. Sasa hesabu, fuateni. Mtu wa kilo 70, mkono wake una kilo 3.5 hivi, na uzito huo unakaa kama sentimita 30 kutoka begani. Anyooshe mkono pembeni ameshika ndoo ya kilo 5, sentimita 60 kutoka begani. Ule msuli mnene unaofunika bega, mvuto wake unapita kama sentimita 3 tu kutoka katikati ya kiungo. Zidisheni kila uzito kwa umbali wake, jumlisheni, gawanyeni kwa 3: unavuta kama kilo 135! Kwa ndoo ya kilo 5! Na unavuta kwenda juu, kwa hiyo wale wanne wakisinzia, chungwa linagonga dari. Akina mama mnaoanika dagaa kwenye vichanja, sogeeni karibu na kichanja, kunjeni kiwiko. Basi.

Mtulinga, ule mfupa wa mbele chini ya shingo, nauruka. Bega linalokakamaa lenyewe, hasa kati ya miaka 40 na 60: ukilipata, kapime sukari, kwa wenye kisukari linatokea zaidi. Hilo linataka siku yake.

La mwisho, bega likichomoka. Mara nyingi linachomokea mbele. Msimwekee mtu kisigino kwapani na kuvuta. Najua wapo mabingwa, na njia hiyo ni ya tangu Wagiriki wa kale, lakini kwapani humo ndimo inamopita mishipa ya damu na ya fahamu ya mkono wote. Fungeni mkono kifuani kwa khanga, mpelekeni hospitali. Tena leo, msingoje mpaka mitumbwi irudi.

Nani alinyoosha mkono kule nyuma, wa kushoto ukapanda na wa kulia ukaishia njiani? Wewe mwenye kofia. Njoo mbele, kaka. Hapana, usinieleze kwanza. Vua shati, geuka.