Ndevu Nyeusi Kwenye Anubias

DADA: Karibuni tena kipindini. Leo Fundi kaja na jani kwenye kikombe cha maji. Hebu waeleze wasikilizaji, maana hawalioni.

FUNDI: Ni jani la anubias, dada, mmea wa kwenye tangi la samaki. Katikati ni kijani safi, lakini ukingoni limeota vinyweleo vyeusi, vifupi, vimeshika barabara. Ukipitisha kidole havitoki.

DADA: Mwani wa ndevu huo.

FUNDI: Ndio wenyewe. Kwa sura mweusi, ila kwa ukoo ni mwani mwekundu. Ukifa utaona: kwanza unageuka rangi ya waridi, kisha unapauka.

DADA: Mbona kwangu mimea mingine imetulia, anubias tu ndiyo inayofuga ndevu?

FUNDI: Kwa sababu haina haraka ya kukua. Asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, Kameruni na Kongo huko, kwenye kivuli cha msitu kandokando ya vijito. Jani jipya moja linaweza kuchukua wiki tatu, nne. Sasa jani linakaa miezi na miezi palepale, juu yake taa inawaka tangu alfajiri hadi watu waende kulala. Mwani utakosaje pa kujenga?

DADA: Kumbe tatizo ni taa.

FUNDI: Mara nyingi. Mtu ananunua LED kali halafu haizimi kwa sababu sebule inapendeza. Mimi nafunga taima, taa iwake kwa muda wa saa 6 kwa siku, basi. Na tangi likiwa dirishani, weka pazia. Jua la Dar halina mchezo.

DADA: Kuna wanaoacha kuweka mbolea, eti mwani ufe njaa.

FUNDI: Atakayetangulia kufa njaa ni mmea! Mwani unatosheka na kidogo mno. Jani lenye njaa linachakaa, na jani lililochakaa ndilo mwani unalolivamia. Wewe uliyefunga mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi ya kulishia mimea nawe, angalia mapovu yawe yaleyale kila siku. Gesi ikipanda na kushuka, ndevu zinakuja. Kama huwezi kuisimamia, afadhali usiwe nayo.

DADA: Haya, zimeshaota. Tunanyoaje?

FUNDI: Jani lililofunikwa lote, kata, usilionee huruma. Kata kikonyo chini kabisa, karibu na lile shina linalotambaa kama tangawizi. Na shina hilo usilifukie mchangani, litaoza. Lifunge kwenye jiwe au gogo. Majani yaliyobaki, nenda famasi ununue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda.

DADA: Niimwage kwenye maji yenye samaki?

FUNDI: Kwa kipimo, dada. Mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi, usizidishe, hasa ukiwa na uduvi. Zima filta, maji yatulie. Vuta dawa kwa bomba la sindano, sindano yenyewe umeitoa, halafu isukume polepole juu ya ndevu zenyewe. Utaona vipovu vinatoka kwenye jani. Dakika 5 hivi, washa filta. Siku mbili tatu ndevu zinakuwa za waridi, hapo uduvi ndio wanazishambulia. Zikiwa hai hawana habari nazo.

DADA: Na yule samaki wa kubandika mdomo kwenye kioo, tunayeuziwa kama msafishaji?

FUNDI: Pleko? Huyo anapita sentimita 30! Kinyesi chake tu ni mbolea ya mwani, na ndevu hazigusi. Bora konokono wa jamii ya nerita, tena hao tunao wenyewe kwenye mikoko ya pwani yetu. Watakulia vile vidoa vigumu vya kijani kwenye majani makongwe. Ndevu nao hawazitaki, nisikudanganye.

DADA: Lakini wanaacha vimayai vyeupe kila mahali.

FUNDI: Kwenye maji yasiyo na chumvi hayaanguliwi. Vikikuudhi, kwangua kwa kucha.

DADA: Wa mwisho: msikilizaji ana tangi jipya, majani yana vumbi la kahawia.

FUNDI: Asihangaike. Apanguse kwa vidole, abadilishe maji, litaisha lenyewe baada ya wiki kadhaa. Ila akiona utando wa kijani unaobanduka kipande kizima, na unanuka, huo si mwani, ni bakteria.

DADA: Hao tuwawekee kipindi chao wiki ijayo.