Ngitili: Shinyanga Ilivyorudisha Miti Yake

NEEMA: Karibu tena msikilizaji. Leo tunaongelea namna ya kuitumia asili yenyewe kutatua shida zinazotusumbua: ukame, kuni, malisho, maji. Kaka Masanja ndiyo kwanza katoka kwao Shinyanga. Habari za nyumbani?

MASANJA: Njema kabisa, dada Neema. Mvua zimechelewa, lakini ng'ombe wa baba hawajakonda. Wanaishi kwa kipande cha ardhi nyuma ya boma, kama ekari nane hivi, ambacho hakijaguswa na jembe tangu nikiwa mdogo. Ngitili.

NEEMA: Tueleze, maana wapo wanaolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

MASANJA: Ngitili ni eneo ambalo Msukuma analifunga mvua zinapoanza. Mifugo hairuhusiwi kukanyaga. Majani yanakua, miti inachipua. Kiangazi kikishakolea, mwezi wa saba au wa nane, mabua ya shambani yameisha, ndipo linafunguliwa, tena kipande kwa kipande. Wanatangulia ndama, wagonjwa, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia. Wazee walikuwa na utaratibu huu kabla hajafika mtaalamu yeyote.

NEEMA: Sasa kama utaratibu ulikuwepo, ilikuwaje Shinyanga ikafikia kuitwa jangwa la Tanzania?

MASANJA: Wakati wa Waingereza misitu ilifyekwa ili kumaliza mbung'o. Ikaja pamba, mashamba yakapanuka. Ng'ombe nao wakaongezeka. Lakini kilichoniuma zaidi ni cha miaka ya 1970, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja. Nia ilikuwa kuwafikishia shule na maji, hilo nalikubali. Ila familia iliiacha ngitili yake kule ilikotoka. Ukimtoa mtu kwenye eneo lake ukampeleka mbali, nani atalilinda? Likawa la kila mchungaji, na kila mwenye shoka.

NEEMA: Hiyo hali uliikuta?

MASANJA: Niliikuta. Mama alikuwa anatoka alfajiri kwenda kutafuta kuni, anarudi jua la utosi na mzigo wa vijiti unaopika ugali mara mbili tu. Siku nyingine tulikokea mabua ya pamba, au samadi iliyokauka. Moshi wake unakaba koo, na maharage hayaivi. Halafu samadi ikishaenda jikoni, shamba linakosa mbolea. Shida moja inazaa nyingine.

NEEMA: Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tunaujua kwa jina la HASHI. Walikuja na miche?

MASANJA: Mwanzoni ndiyo, vitalu vya miche, na mingi ilikuwa miti ya kigeni. Watu hawakuichangamkia. Wazee walitaka miti yao, migunga na ukwaju, miti wanayoijua kivuli chake na dawa yake. HASHI wakawasikiliza, na hapo ndipo ngitili ikarudi mezani. Kumbuka, dada, mgunga ukikatwa, mara nyingi mizizi inabaki hai. Kila mwaka kisiki kinatoa machipukizi, na kila mwaka mbuzi wanayamaliza. Ukifunga eneo misimu mitatu tu, chipukizi linapita urefu wa mdomo wa mbuzi. Likishapita hapo limepona.

NEEMA: Ni kama wanavyofanya wenzetu Dodoma na kile wanachokiita kisiki hai: unachagua machipukizi machache yenye afya, unapogolea mengine, unayalinda.

MASANJA: Ni ndugu wa njia hiyo hiyo. Hununui mche, hubebi maji kichwani kumwagilia.

NEEMA: Nimezipitia takwimu. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia 2004 zilihesabiwa zaidi ya 18,000, karibu hekta 378,000, kwenye vijiji 833. Na huo ni mkoa wa zamani, kabla Simiyu haijamegwa. Kilichonishangaza ni kwamba nyingi mno zilikuwa za kaya. Za jumuiya hazikufika 300.

MASANJA: Mimi sishangai. Mtu alihakikishiwa kwamba akilifunga eneo, ni yeye atakayelifungua. Na sheria zilitungwa pale pale kijijini, kwenye dagashida, mkutano wetu wa jadi, zikasimamiwa na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Ukiingiza ng'ombe kabla ya wakati, usiku huo huo unagongewa mlango, unalipa faini. Hukuhitaji bwana misitu kutoka mjini.

NEEMA: Na faida waliiona?

MASANJA: Kuni karibu, nyasi za kuezekea, nguzo, asali, matunda ya furu kwa watoto. Mama alipata asubuhi yake. Hilo siwezi kulipigia hesabu ya shilingi. Vijiji vingine viliuza malisho ya ngitili ya pamoja, fedha zikaenda kwenye madarasa.

NEEMA: Ngoja, kaka. Asiye na ardhi je? Ngitili ya jirani inamsaidia nini?

MASANJA: Hapo umegusa kidonda. Mwenye eneo kubwa na ng'ombe wengi ananufaika zaidi. Asiye nalo ananunua nyasi, au anakodi. Ndiyo maana zile za jumuiya nazililia, hata kama ni chache. Zikigawanywa, mjane asiye na ekari hata moja atakwenda kuni wapi?

NEEMA: Na hiyo ya kwenu? Mko watoto wangapi?

MASANJA: Sita. Ekari nane, watoto sita, na mdogo wetu anataka sehemu yake alime mpunga. Namwelewa, ana watoto wa kusomesha. Tulikaa chini ya mkwaju siku nzima. Baba hakusema mengi. Alitushika mkono akatuonyesha mgunga mmoja, shina nene kama gunia la mahindi, akasema mwaka tulipolifunga eneo, mti huo ulikuwa chini ya goti lake.

NEEMA: Mkakubaliana?

MASANJA: Bado. Tumekubaliana jambo moja tu, kwamba jembe halitaingia kabla hatujakaa tena mwezi wa saba, siku ya kuwafungulia ndama.