Mkoba wa Chupa Niliomletea Senje

Wazazi wangu, dada na kaka zangu mnaonitazama kutoka Nakuru, Kisumu, Kakamega na kwingineko, salamu zangu ziwafikie. Leo siwaoneshi theluji wala barabara za Leicester, kwa kuwa niko nyumbani. Nimeketi barazani kwa senje wangu, dada wa marehemu baba, hapa Njoro, na mbele yangu mnauona mkoba mweusi wenye chupa saba. Nilizinunua Uingereza kwa mshahara wa zamu za usiku, nikazifunga katikati ya nguo zisivunjike, nikiamini kwamba ninamletea mgonjwa wetu uzima. Zina mafuta ya samaki, magnesiamu, potasiamu, kitunguu saumu, manjano, ginkgo na vitamini mchanganyiko. Juzi jioni nilimwomba anirudishie zote, na nataka niwaeleze kwa utulivu kwa nini nilifanya hivyo, kwa sababu najua mikoba kama huu inashuka katika kila ndege inayotuleta nyumbani mwezi wa Desemba.

Senje na mimi tunaugua ugonjwa ambao madaktari huuita fibrilesheni ya atiria. Atiria ni vyumba viwili vya juu vya moyo, na kazi yake ni kukaza kwa utaratibu ili damu iteremke katika vyumba vya chini. Kwetu sisi, umeme unaoviamrisha vyumba hivyo umepoteza mpangilio, kwa hiyo badala ya kukaza vinatetemeka tu, zaidi ya mara 300 kwa dakika, na vyumba vya chini vinapokea amri chache tu kati ya hizo, bila mpango wowote. Usiku wa kwanza uliponishika, mwaka 2021, nikiwa kazini katika makao ya wazee, moyo ulipapatika kama kuku aliyefunikwa chini ya tenga. Senje hakuwahi kusikia kitu kama hicho. Yeye alikuwa akichoka tu akipanda kutoka shambani, akadhani ni umri, mpaka siku alipopimwa umeme wa moyo.

Ukitaka kujiangalia mwenyewe, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na uhesabu mapigo kwa dakika nzima bila haraka. Mapigo yakienda mbio, yakasita, kisha yakarudi bila mdundo wowote unaoweza kuufuata, nenda ukapimwe. Vidole haviwezi kuthibitisha ugonjwa, lakini vinaweza kukupeleka kwa anayeweza.

Hatari kubwa haiko katika kule kupapatika kwenyewe. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama katika kifuko kidogo kilichoko upande wa kushoto wa moyo, ikaganda, na donge hilo likichomoka linaweza kusafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Mwenye ugonjwa huu ana hatari ya kiharusi iliyo takriban mara tano ya asiye nao. Ndiyo maana baadhi yetu tunakunywa vidonge vya aina mbili: kimoja cha kupunguza mbio za moyo, ambacho kwangu ni bisoprololi, na kingine cha kuzuia damu kuganda. Hicho cha pili hakikufanyi ujisikie vizuri zaidi. Ukikinywa mwaka mzima hutaona tofauti yoyote mwilini, na hapo ndipo watu wengi wanapokiacha. Nawasihi mnielewe katika jambo hili: ukijisikia mzima, hiyo si dalili kwamba damu haiwezi kuganda, na hata wale ambao kupapatika kwa moyo wao huja na kuondoka bado wanaweza kupata kiharusi.

Sasa nirudi kwa senje, kwa sababu kabla ya kuzungumza juu ya chupa tulizungumza juu ya vidonge vyetu vya kuzuia damu kuganda. Mimi ninakunywa apiksabani, miligramu 5 asubuhi na miligramu 5 jioni, kwa kuwa nina shinikizo la damu na kisukari pamoja na ugonjwa huu. Sipimwi damu kila mara kwa ajili yake. Senje yeye anakunywa warfarini, na anapaswa kupimwa mara kwa mara kipimo kiitwacho INR, kinachoonesha damu inachukua muda gani kuganda, jambo linalomgharimu nauli ya matatu hadi Nakuru mjini, ada ya maabara, na asubuhi nzima kwenye benchi. Alivitazama vidonge vyangu akaniambia, "Mwanangu, hizi zako hazihitaji kutolewa damu. Si unigawie, hata za miezi mitatu?"

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu yalionekana kuwa ya haki kabisa. Kwa nini mimi niliyevuka bahari nipate dawa rahisi kutumia, na mama aliyenilea abaki kwenye benchi la maabara? Lakini ugonjwa wetu unafanana kwa jina tu. Moyo wa senje uliharibika tangu utotoni, pale maumivu ya koo yasiyotibiwa yalipozaa homa ya rumatiki, na homa hiyo ikaikaza vali, yaani mlango wa damu ulio kati ya vyumba vya kushoto. Utafiti uitwao INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022, uliwafuata wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini waliokuwa na fibrilesheni ya atiria pamoja na moyo ulioathiriwa na rumatiki. Waliopewa dawa za kundi la warfarini walipata vifo vichache kuliko waliopewa rivaroksabani, ambayo ni ya kundi moja na dawa yangu, wala hawakuonekana kuvuja damu nyingi zaidi. Kwa hiyo dawa ya zamani, ile inayotuchosha kwa vipimo, ndiyo inayomlinda senje. Ningemgawia vidonge vyangu kwa upendo, ningekuwa nimemvua ngao yake.

Nilimweleza hivyo, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi nisaidie nauli." Nilipaswa kulijua jibu hilo kabla sijanunua chupa hata moja.

Tuje sasa kwenye chupa zenyewe. Mafuta ya samaki ndiyo niliyoyaamini kuliko yote, na mimi mwenyewe nilikuwa nikinywa vidonge vinne vikubwa kwa siku kabla daktari wangu hajaniambia nimletee mezani kila kitu ninachomeza. Katika utafiti wa REDUCE-IT, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, watu zaidi ya 8,000 walihusika, na nusu yao walipewa gramu 4 kwa siku za dawa iliyosafishwa kutokana na omega-3. Mashambulizi ya moyo na viharusi yalipungua, na hilo ni jema, lakini waliolazwa kwa sababu ya fibrilesheni ya atiria walikuwa asilimia 3.1, wakati wenzao wasioipata walikuwa asilimia 2.1. Utafiti mwingine mkubwa, VITAL, wenye watu zaidi ya 25,000, ulitumia omega-3 isiyofika gramu 1 pamoja na vitamini D, na mwaka 2021 ukaonesha kwamba hakuna kati ya hizo mbili iliyozuia ugonjwa huu. Kwa maneno mengine, kidogo hakikusaidia, na kingi kinaweza kuuchochea. Samaki wa sahanini ni jambo jingine, na ndugu zangu wa Kisumu wasiseme kwamba nimewakataza ngege.

Magnesiamu nayo ina sifa kubwa miongoni mwa wagonjwa. Ni kweli kwamba madini hayo yakipungua katika damu moyo hupoteza utulivu, na hospitalini huweza kutolewa kwa dripu. Lakini upungufu huo hupimwa maabara, haukisiwi, na mwenye figo dhaifu akijazia magnesiamu au potasiamu kiholela, damu yake inaweza kubeba kiwango cha kumdhuru. Potasiamu ndiyo iliyonitisha zaidi nilipoisoma upya, kwa sababu senje anakunywa dawa za shinikizo, na baadhi ya dawa hizo huizuia potasiamu isitoke mwilini. Vidonge vya ginkgo, kitunguu saumu na manjano vinaweza kuongeza uwezekano wa kuvuja damu kwa mtu ambaye damu yake imekwisha kupunguzwa uwezo wa kuganda. Na ile chupa ya vitamini mchanganyiko, niliyoiona kuwa salama kuliko zote, ina vitamini K, ambayo ndiyo hasa warfarini inapambana nayo.

Hapo mtaniuliza juu ya mboga, kwa kuwa sukuma wiki, managu, mchicha na kunde zina vitamini K nyingi. Senje aliwahi kuambiwa na jirani aache mboga za majani kabisa, akaishi kwa ugali na maziwa wiki kadhaa. Hakuna haja ya kujinyima hivyo. Kinachohitajika ni kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, ili kipimo cha dawa kiwekwe kulingana na chakula chako cha kawaida. Mvua zikinyesha na bustani ikajaa, ukaanza kula managu kila jioni, mwambie anayekupima, kwa sababu INR yako inaweza kushuka. Kwa senje inatakiwa ikae kati ya 2 na 3. Ikiwa chini ya hapo donge laweza kutokea, na ikipanda sana damu huvuja.

Ilipanda mwaka jana. Tumbo lilimsumbua, akanunua Flagyl katika duka la dawa, na kwa kuwa magoti pia yalimuuma akaongezewa diklofenaki, bila kuulizwa kama anatumia dawa nyingine yoyote. Baada ya siku chache fizi zilitoa damu alipopiga mswaki, na paja likawa na wekundu mweusi mkubwa kama kisahani cha chai. INR ilikuwa 6.8. Alilazwa, akapona, namshukuru Mungu, lakini mimi niliipata habari hiyo kwa simu nikiwa kwenye basi alfajiri, na sitaki mtu mwingine aipate hivyo. Flagyl na Septrin ni dawa za kila nyumba kwetu, na zote mbili huweza kuipandisha INR kwa kasi. Diklofenaki na ibuprofeni hujeruhi tumbo wakati ule ule damu haigandi upesi. Ukiwa unatumia warfarini, litaje jina hilo kabla ya kutaja kinachokuuma, hata kama nyuma yako kuna foleni ndefu.

Aliyeiona hatari ya fizi zile hakuwa mimi, wala hakuwa daktari. Alikuwa mama mmoja anayekutana na senje katika kikundi chao cha wagonjwa wa moyo, ambao hukusanyika Jumamosi moja kila mwezi katika chumba cha kanisa. Ni watu tisa. Kila mmoja ana daftari dogo lenye tarehe, INR, kiasi cha dawa, na chochote kipya alichokula au kumeza, na kila mmoja hutoa shilingi 200 ili mwenzao asiye na ada ya kipimo asikose. Asiyeonekana kliniki hupigiwa simu siku hiyo hiyo. Mama huyo alisikia neno "damu kwenye fizi" akakatiza mazungumzo, akaenda na senje hospitali kwa bodaboda mbili.

Nilihudhuria mkutano wao Jumamosi iliyopita, nikaona jambo ambalo chupa zangu zote zisingeweza kulileta. Mzee mmoja alikuwa ameacha warfarini akarudia aspirini ndogo, kwa kuwa ni rahisi na haipimwi. Hawakumkemea. Mwenzake alimsimulia jinsi alivyoamka upande mmoja wa mwili haumtii, akiwa naye anategemea aspirini hiyo hiyo, kisha wakamwahidi kumsindikiza kliniki Jumatatu. Aspirini haitoshi kuzuia viharusi vya ugonjwa huu, na mimi ningeweza kumtajia tafiti, lakini ule mkono uliokuwa ukishika kikombe kwa shida ulimweleza zaidi. Kikundi hicho kina sheria moja wasiyoivunja: unaweza kugawa habari, nauli na uji, lakini hugawi kidonge.

Kwa hiyo nimefanya hesabu na senje, hapa hapa barazani. Fedha nilizotumia kwa chupa hizi saba zingelipa nauli na vipimo vyake kwa miezi kadhaa. Kuanzia mwezi ujao nitatuma nauli na ada ya kipimo siku tano kabla ya kliniki, si mwisho wa mwezi kama nilivyozoea, na atanitumia picha ya ukurasa wa daftari jioni ya siku hiyo. Chupa nitazipeleka kwa mfamasia wa hospitali aniambie namna ya kuziteketeza.

Kesho ni siku ya kipimo. Tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi ili tupate matatu ya kwanza, na senje amekwisha kuandika tarehe kwenye daftari, akaacha nafasi ya namba.